UZI: Kambi ya picha ya watoto Bagamoyo, kamera 6 kwa watoto 18, nilivyoipanga na nilivyoiharibu

mzawa_wa_Dunda:
Wakuu habari za jioni. Kuna watu kama watatu wameniuliza pembeni ile kambi ya picha ya watoto niliyofanya likizo ya mwezi wa 6 niliiendeshaje, nikaona badala ya kujibu mmoja mmoja bora niuweke uzi hapa kila mtu asome. Nitaandika vipande vipande maana natumia simu na chaji yenyewe ndo hivyo. Wa kuuliza aulize, wa kutukana asubiri nimalize.

Kwanza mi sio mpiga picha mkubwa. Napiga harusi, maulidi, kipaimara, paspoti, kazi za kawaida za hapa mjini. Wazo la kambi lilikuja kwa sababu madogo wa mtaani wananifuata kila nikibeba kamera, "anko tupige, anko tuone". Siku moja nikampa mmoja ashike, akaipiga miguu ya wenzake tu, picha kama kumi za miguu, na zilikuwa nzuri kuliko zangu za harusi ya juzi yake. Nikasema hawa watoto wana kitu.

Mpango wa mwanzo ulikuwa kila mtoto na kamera yake. Nikazunguka kuomba, ahadi kibao, mwisho wa siku nikabaki na zangu mbili na nne za mtumba nilizonunua elfu 60 kila moja, zile ndogo za kidijitali za mfukoni. Jumla 6. Watoto walioandikishwa 18. Nikalala nina mawazo usiku ule. Sasa niwaambie mapema, kile nilichokiona balaa ndo kilichoifanya kambi iwe kambi, watatu kwa kamera moja. Leo hata mtu akinipa kamera 18 bure nitazifungia 12 kabatini.

Nitaeleza. Ngoja nile.

KijanaWaNgamiani:
Tupo kiongozi. Mi niko Tanga nataka kufanya kitu kama hiki huku kwetu. Kwa nini usitumie simu tu? Kila nyumba siku hizi ina simu ya tachi.

mzawa_wa_Dunda:
Swali zuri kaka. Nilijaribu simu siku ya kuandikisha. Dakika tano, mmoja yuko kwenye gemu, mwingine anaangalia meseji za mama yake kwa sauti mbele ya watu, wa tatu selfi ulimi nje. Simu ni ya mtu, ina mambo ya mtu. Kamera ya mfukoni haina kitu kingine cha kufanya zaidi ya kupiga picha. Halafu ina kile kibatani cha kubonyeza nusu ili ifokasi kwanza, ile nusu batani ndo somo lenyewe, mtoto anajifunza kusimama kabla ya kumalizia kubonyeza.

Maandalizi sasa. Nilikwenda serikali ya mtaa nikaandikisha, nikachukua barua, hiyo barua ilitembea mfukoni kwangu wiki nzima na nimeitoa mara tatu. Wazazi nikawaandalia karatasi ya kusaini yenye vitu viwili TOFAUTI. Cha kwanza ruhusa ya mtoto kushiriki, cha pili ruhusa ya sura ya mtoto kutumika popote. Watu wanachanganya hivi vitu. Wazazi wanne walisaini cha kwanza wakakataa cha pili, na ni haki yao, wale madogo niliwafunga uzi mwekundu mkononi ili wote tujue huyu hapigwi usoni.

Umri nilichukua miaka 9 mpaka 14. Chini ya hapo wanachoka, juu ya hapo wanajifanya wanajua.

Ratiba niliipanga kuzunguka madrasa, hili mtu wa nje anaweza kukosea vibaya sana. Pwani hapa mtoto baada ya adhuhuri ana chuo, ukimwekea kambi mpaka saa 11 jioni unagombana na ustadhi na mzazi kwa mpigo. Kwa hiyo saa 12 na nusu asubuhi mpaka saa 6, basi. Ijumaa mwisho saa 5. Na kwa picha ndo muda wenyewe, mwezi wa 6 jua huku linachomoza kama saa 12 na nusu hivi, linatokea baharini, mwanga laini. Ikifika saa 5 mwanga wa Bagamoyo hauna huruma, kila mtu kivuli cha pua.

Mama_Wawili:
Asante kwa hilo la ruhusa mbili. Mi swali langu ni kulala. Wengine wanatangaza kambi mtoto analala hukohuko siku tano, roho yangu haitaki.

mzawa_wa_Dunda:
Dada mi nilifanya ya kutwa, kila mtoto analala kwao. Ukilaza watoto unahitaji matroni, mlinzi, vyandarua, daktari wa kumpigia saa 8 usiku, na mi sina huo ubavu. Hata hivyo ya kutwa nilikuwa na akinamama wawili, mmoja jikoni na mmoja anatembea na mabinti kila tuendako. Bila mwanamke mtu mzima usianze.

mwl_wa_zamu:
Niongezee kwenye ruhusa. Kwa Sheria ya Mtoto ya 2009 mtoto ni yeyote chini ya miaka 18, na tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 iliyoanza kutumika Mei 2023. Picha ya mtoto mtu asiichukulie poa akairusha mtandaoni na jina la shule na mtaa anaokaa. Endelea mwanzisha uzi.

mzawa_wa_Dunda:
SIKU YA KWANZA. Hakuna kamera.

Madogo walikuja wameoga, wamepaka mafuta, wanataka kamera. Nikawaingiza stoo. Ile stoo ina dirisha moja linaangalia barabarani, tulikuwa tumeliziba jana yake kwa maboksi na mifuko myeusi na selotepu mpaka giza totoro, tukaacha tundu moja tu upana wa kidole changu cha shahada. Mbele ya tundu, hatua kama mbili, tukatundika shuka jeupe. Watoto sita sita wanaingia, mlango unafungwa, kimya.

Mwanzo hawaoni kitu, wanasukumana, wengine wanalia mzaha. Subiri macho yazoee giza, dakika tatu nne. Halafu binti mmoja akasema "mnazi". Akarudia, "mnazi umeanguka". Pale kwenye shuka mnazi wa ng'ambo ya barabara ulikuwa umesimama kichwa chini, makuti yanachezea upepo chini, anga liko miguuni. Afu ikapita bodaboda, matairi juu, abiria na baibui lake linapepea, kinyumenyume. Wee! Kelele za mle stoo mpaka mama wa jikoni akaja na mwiko anauliza nani kaumia.

Tulivyotoka nikawauliza kwa nini kichwa chini. Hakuna kukurupuka kujibu, nikawapa kamba mbili wavute kutoka kwenye mti mpaka kwenye shuka kupitia tunduni, moja inatoka kileleni moja inatoka shinani. Ya juu ikaishia chini, ya chini ikaishia juu. Mwanga unakwenda nyoofu kama kamba, tundu ni moja, lazima zipishane. Sikuhitaji kusema neno zaidi. Na nikawaambia neno kamera lenyewe kwa Kilatini ni chumba, kwa hiyo nyie leo mmeingia ndani ya kamera.

mwl_wa_zamu:
Hapo umenikosha mkuu. Siku nyingine watajie Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra, ndo kati ya watu wa mwanzo kabisa kuandika kwa majaribio jinsi mwanga unavyopita tunduni, karne ya 11, kitabu chake cha mambo ya kuona kilisomwa mpaka Ulaya. Watoto wa madrasa wakisikia jina hilo masikio yanasimama.

mzawa_wa_Dunda:
Mwalimu ungekuwepo siku ile! Nimelinakili hilo.

SIKU YA PILI, Mji Mkongwe wa hapahapa Bagamoyo. Hapa ndo watatu kwa kamera moja ilipoanza kufanya kazi. Makundi sita nikayapa majina ya samaki, Changu, Tasi, Kibua, Nguru, Jodari, Pono (Pono walilalamika siku nzima wamepewa jina la samaki msinziaji). Kila kundi kuna mpigaji, kuna mshika mwanga, na kuna msemaji, wanabadilishana. Mshika mwanga ana sinia la bati limefunikwa karatasi nyeupe, kazi yake kurudisha mwanga kwenye upande wenye kivuli. Msemaji ndo anakwenda kwa mtu, anaamkia, anaomba. Mpigaji haruhusiwi kuinua kamera kabla msemaji hajageuka akatikisa kichwa.

Na kila kundi picha 36 kwa siku, kila mtoto 12. Zikiisha zimeisha. Hiyo 36 sikuitoa kichwani, ndo rolu ya filamu ya zamani ilivyokuwa, 24 au 36, wazee wetu wa studio walipiga harusi nzima kwa rolu mbili na bi harusi hajafumba jicho hata moja.

Tulipiga milango ya nakshi. Asubuhi jua likija kwa ubavu ile nakshi inainuka, kila ua na kila mnyororo una kivuli chake. Ukirudi saa 5 mlango uleule uko bapa kama ubao wa matangazo. Niliwafanya wapige mlango mmoja mara mbili, saa 1 na saa 4 na nusu, wakaangalia wenyewe.

fundi_lenzi:
Mkuu hapo kwa picha 12 nakukatalia. Kamera za kidijitali picha ni bure, mtoto anajifunza kwa kupiga nyingi. Unawabania bila sababu, unawafundisha umaskini.

mzawa_wa_Dunda:
Nakuelewa fundi na hata mke wangu aliniambia hivyohivyo. Ila mkimaliza kupiga unakaa na watoto 18 na kila mmoja ana picha 300, nani anazitazama? Hakuna. Zinaingia kwenye laptopu zinafia humo. Picha 216 kwa siku tulizitazama zote, moja moja, ukutani, na kila mtoto aliulizwa hii uliipigia nini. Mtu mzima anayejifunza kazi apige elfu, sikatai.

fundi_lenzi:
Haya nakubali nusu. Vipi kuhusu sura nyeusi? Maana hapo pwani mchanga mweupe, kanzu nyeupe, mtoto mweusi, kamera za bei hiyo zinatoa silueti, mtu anabaki kivuli kitupu.

mzawa_wa_Dunda:
Fundi umegusa kidonda. Nataka nikae hapa kidogo maana ndo kitu nilichofundisha kwa hasira zaidi.

Kamera haina akili ya kujua hii ni sura hii ni ukuta. Inachofanya inachukua kila kinachoonekana inakisia wastani wake uwe kijivu cha kati. Sasa mtoto amevaa kofia nyeupe, nyuma mchanga na bahari inang'aa, kamera inasema ooh nyeupe imezidi, inapunguza. Mchanga unakuwa kijivu, kofia kijivu, na uso wa mtoto unabaki meno na macho. Kuna binti alipiga picha ya rafiki yake ikatoka hivyo, akaniambia "anko kapigwa vibaya kwa sababu ni mweusi". Ana miaka 10. Nilisimamisha kazi zote.

Nikawaonyesha batani yenye alama ya kujumlisha na kutoa. Ukiwa na uso mweusi mbele ya kitu cheupe peleka kwenye kujumlisha, moja, hata moja na nusu, mchanga utaungua kidogo acha uungue, hatukuja kupiga mchanga. Kwenye simu gusa uso kwenye kioo, kinatokea kijua, kisukume juu. Cha pili msogeze mtu chini ya baraza, mwanga wa kivulini unaotoka ubavuni, nyuma kuwe na mlango wa mbao au ukuta uliochakaa, usiwe weupe wa bahari. Uso wa Mswahili barazani saa 2 asubuhi unang'aa wenyewe, hauhitaji flashi wala filta. Yule binti akampiga tena rafiki yake chini ya baraza. Ikatoka mpaka vinyweleo vya paji la uso. Akamwambia mwenzie "ona ulivyo", basi, wakaenda kunywa uji.

fundi_lenzi:
Hapo nakuvulia kofia. Nyeupe.

mzawa_wa_Dunda:
😂😂

SIKU YA TATU, nilivyoharibu. Niliandika kwenye ratiba "saa 3 na nusu, soko la samaki, mashua zinaingia". Mi mzaliwa wa hapa wakuu, babu yangu alikuwa mvuvi, na niliandika hivyo. Ilikuwa bamvua, zile siku maji yanajaa sana na kupwa sana. Tumefika, bahari haipo. Imekwenda kuleee, mashua zimelala ubavu kwenye mchanga kama ng'ombe, samaki wameshauzwa toka alfajiri, mnada umekwisha, wamebaki paka. Maji yanachelewa kama dakika 50 kila siku, na siku za bamvua huku kwetu asubuhi ya saa 4 saa 5 ndo yamekupwa kabisa. Kila mvuvi anajua. Mi nilipanga kwa saa ya ukutani.

Watoto wakaanza kuboreka, kurushiana mchanga, na hapo kamera ya Kibua ikaingia mchanga kwenye lenzi inayotoka na kuingia, ikatoa kelele ya krrr ikagoma moja kwa moja. Elfu 60 hiyo. Ikabidi Kibua wamalizie kwa simu yangu. Somo la bei, kamera ya lenzi ya kutoka nje usiiwashe ufukweni upepo wa kusi ukivuma, na ukimaliza futa kwa kitambaa chenye unyevu wa maji yasiyo na chumvi maana chumvi inakula taratibu.

Kilichotuokoa ni fundi mashua mmoja mzee, alikuwa anatia kalafati, yaani anaziba mianya ya mbao maji yasiingie. Kwa maji kujaa usingemwona, sehemu anayofanyia kazi iko chini ya maji. Msemaji wa Tasi akaenda, "shikamoo babu, tunaomba tukupige". Mzee akaweka nyundo chini, "mnipige nimewakosea nini?" Mtoto akagwaya. Mzee akacheka mpaka akakohoa. Tangu hapo sheria ikawa unasema "tunaomba tukupige PICHA", neno zima.

Akawaonyesha pamba anavyoisokota, anaibana katikati ya mbao kwa patasi butu, tako tako tako, inaingia mpaka ubao unabadilika sauti. "Sikilizeni," anasema, "ikiwa bado inalia po, ikishashiba inalia ti." Watoto wamechuchumaa pale wanasikiliza ubao. Nusu saa hakuna aliyebonyeza. Walipoanza kupiga hawakupiga mzee akitabasamu kwenye kamera, walipiga vidole, pamba, sikio la mzee limeelekea kwenye mbao. Ile ya sikio aliipiga mtoto wa Pono, wale wasinziaji.

Na kisa cha mama wa karai. Pale wanapokaanga samaki dogo mmoja wa Nguru, zamu yake ya kupiga, akavizia akampiga mama picha bila kuomba. Mama alimwona. Akaja na kile kijiko cha matundu mkononi, na ana haki, "mnanipeleka wapi mie na jasho langu?" Nikaomba radhi, nikatoa barua, haikusaidia kitu. Dogo nikamwambia afute mbele yake, akafuta, na picha yake moja kati ya 12 ikawa imekwenda. Nikamwambia aende akaombe upya peke yake. Alikaa pembeni ya lile karai kama robo saa anasogeza kuni, mama akimtuma maji anakwenda. Mwisho mama mwenyewe akamwambia haya piga upesi samaki wanaungua.

KijanaWaNgamiani:
Aisee. Endelea mkuu nimeacha kazi hapa.

mzawa_wa_Dunda:
Siku ya nne Kaole, kama kilomita 5 kusini ya mji, magofu ya msikiti wa karne ya 13 na makaburi ya mawe ya matumbawe. Sitoi maelezo mengi, watoto walichoka na jua lilikuwa kali, ila kubalini kwamba makaburini ni mahali pa adabu, hakuna kupanda juu ya kaburi ili upate pembe nzuri, nilifukuza mtu mzima mmoja wa kwangu kwa hilo. Kilichofaa ni mbuyu wa pale, kila kundi lilitakiwa kuonyesha ukubwa wake bila kuupiga mzima. Changu walipiga mkono wa mtoto kwenye gome. Ikatosha.

Ijumaa kuchagua. Hesabu ilikuwa 647 ukitoa ile iliyofutwa, kila mtoto achague TATU. Kuna waliolia, kweli kabisa machozi. Nilikataza mtu mzima kumchagulia mtoto, na mimi nikavunja sheria yangu mara mbili na bado najuta, maana nilichagua zilizonyooka.

Tukaprinti 54, saizi ya kawaida ya albamu, mia 7 kila moja. Jumamosi asubuhi tukafunga kamba za katani nje ukutani, vibanio vya nguo, basi ndo maonyesho. Watu walikuwa wanapita kwenda sokoni wanasimama.

Hela. Waliolipa ni 15, elfu 25 kila mtoto, watatu bure. Hiyo 375,000. Chakula cha watu 22 siku tano, uji, mihogo, maandazi, wali siku mbili, ilikwenda 330,000. Kuprinti 37,800. Ikabaki elfu 7 na mia 2. Kamera zilitoka mfukoni kwangu, akinamama wawili niliwalipa kwa kuwapigia picha za familia zao. Anayedhani kuna biashara hapa apige hesabu upya.

Mama_Wawili:
Mwakani nakuletea wangu wawili. Na yule mama wa karai alipata picha?

mzawa_wa_Dunda:
Alikuja Jumamosi mwenyewe na kanga mpya. Akasimama mbele ya picha yake muda, akamwita yule dogo, akamwambia, "umenitoa vizuri, ila karai umelikata". Dogo akamjibu zilikuwa zimebaki mbili tu. Mama akasema mwakani uje na nyingi.

KijanaWaNgamiani:
Mkuu mi huku nafikiria mapango ya Amboni, na Tongoni kwenye magofu. Amboni ndani giza, unashauri nini?

mzawa_wa_Dunda:
Amboni ndo stoo yangu ile mara mia kaka. Usiwashe flashi, popo watakuchukia na picha itatoka bapa. Weka kamera juu ya jiwe, isiguswe, shata ikae wazi sekunde kadhaa, mtoto mmoja amulike ukuta kwa tochi anaizungusha taratibu kama anapaka rangi. Tongoni angalia kalenda ya mwezi kwanza, ujue maji yanajaa na kupwa lini, ndo upange saa. Una kamera ngapi?

KijanaWaNgamiani:
Nne. Nilikuwa natafuta nyingine kumi.

mzawa_wa_Dunda:
Acha kutafuta. Tafuta masinia.